Kikombe cha Ami Jabbar

Anayekusimamia mafunzo ya ukaguzi wa hesabu haruhusiwi kuwa mchumba wako. Kamati ya leseni iliandika hivyo, na Sarmad alitia sahihi chini ya maneno hayo siku aliyoanza kazi Amman: kwamba msimamizi wake si ndugu yake, si mkewe, wala si mtu aliyemposa. Alitia bila kufikiri mara mbili. Msimamizi mwenyewe alikuwa mwanamke mwenye miwani na sauti kavu, mafaili yamemzunguka mpaka kidevuni. Nani angeota?

Sasa zilikuwa zimebaki wiki tano mwanamke huyo amtilie sahihi ya kumaliza, na Sarmad alikuwa anampenda mpaka chakula hakipiti.

Kwao Mosul alikuwa mhasibu kamili. Miaka tisa alikagua viwanda vya saruji na maghala ya ngano, na mameneja walisimama alipoingia. Alipohamia Jordan na ami yake, akaambiwa shahada yake ni nzuri, ila ni ya huko. Ikapelekwa wizarani kulinganishwa na za hapa, ikaonekana ina pengo: sheria ya makampuni ya hapa hakuisoma, kodi za hapa hakuzisoma. Akasoma. Akafanya mitihani miwili, akafaulu. Kisha ikabaki miaka miwili ya mafunzo chini ya mkaguzi mwenye leseni, na hapo ndipo alipojua nini maana ya kubisha hodi. Ofisi moja baada ya nyingine ilimwambia arudi wiki ijayo, kwa ile sauti ya kumwambia mtu asirudi. Ofisi ya Bi Ruba, Jabal al-Weibdeh, juu ya duka la maua, ndiyo iliyomwambia akae.

"Unajua kuhesabu?" Ruba alimwuliza siku ile.

"Nimehesabu miaka tisa, Bi Ruba."

"Sikukuuliza miaka mingapi. Nimekuuliza kama unajua."

Jibu lake lilikuja majira ya baridi, Ajloun, katika ghala la mafuta ya zeituni. Mwenye ghala aliwaonyesha madebe yamepangwa mpaka darini, akasema hesabu ndiyo hiyo, twendeni tukanywe chai. Ruba akavua koti. Akamwambia Sarmad atoe madebe ya safu ya nyuma, moja moja, na kila debe alinyanyue kwa mikono yake. Sarmad alinyanyua mpaka mgongo ukalia. Halafu akashika moja akasimama nalo.

"Vipi?" Ruba akauliza.

"Hili zito."

"Zito ni vibaya?"

"Maji ni mazito kuliko mafuta, Bi Ruba."

Walilifungua. Juu mafuta, chini maji. Mwenye ghala akaanza kumlaumu shemeji yake. Ruba hakumsikiliza hata kidogo. Alikuwa anamtazama Sarmad kama mtu aliyefungua mlango wa chumba chake mwenyewe akakuta kina dirisha asilolijua. Njiani walikula mkate wa kuchovya mafuta yale mazuri, ndani ya gari, kioo kimejaa mvuke. Wiki nzima baadaye Sarmad alimwona akinusa kiganja chake mezani, akidhani hakuna anayemwona.

Toka siku hiyo Ruba akawa na maswali. Kwenu mnafanyaje? Kwenu mnaandikaje? Sarmad akamweleza kwamba Iraki kila aina ya hesabu ina namba yake, moja kwa nchi nzima. Fedha taslimu ni kumi na nane, uende Basra uende Mosul.

"Kila kitu kina namba?"

"Kila kitu."

"Na subira?"

"Hiyo haina, Bi Ruba. Ndiyo maana hatukuwahi kuikagua."

Alicheka, akainama haraka kwenye faili. Hawakuwahi kusema zaidi ya hapo. Walikuwa watu wazima wawili wanaojua wanachongoja, na wanajua kwa nini wanangoja.

Halafu baba yake Ruba akasikia.

Haji Nayif aliuza mbegu na chakula cha mifugo As-Salt maisha yake yote, na hakuna habari iliyopita mjini bila kupitia dukani kwake. Alimpigia binti yake simu ofisini. Sarmad, meza ya pili, alisikia upande mmoja tu.

"Ndiyo, baba, yupo... Ni mwanagenzi... Hapana, si kijana sana... Ana mvi kidogo, lakini mwanagenzi anaweza kuwa na mvi, baba."

Alipokata simu akazungusha kiti.

"Baba anataka kukuona. Uje na mzee wako, Jumatano, baada ya alasiri. Anataka tu kujua mafunzo ni kitu gani."

"Nitakuja."

"Ukiletewa kahawa, kunywa. Na mzee wako naye anywe. Palepale."

"Kwa nini tusinywe?"

"Sarmad." Hakuwahi kumwita hivyo, jina peke yake. "Unajua kwa nini."

Alijua. Mtu aliyekuja kuposa huiweka kahawa chini, haigusi mpaka baba wa msichana akubali. Ndivyo ilivyo As-Salt, na Mosul ni vilevile.

"Ijumaa ami yangu anamleta mwanawe, Mutasim," Ruba akaendelea, anapanga kalamu ambazo zilikuwa zimepangika. "Nilishamkataa mara moja. Nitamkataa tena. Wewe kunywa kahawa yako uondoke. Zimebaki wiki tano. Niache nitie sahihi kwanza, halafu..."

Hakumaliza. Sarmad alilichukua lile neno, halafu, akatembea nalo siku mbili kama mtu aliyeficha mkate wa moto ndani ya shati.

Ami Jabbar, aliyemlea Sarmad tangu babake afe, aliwahi kuwa na mabasi matatu Mosul. Mabasi yaliisha, sauti ya kuita abiria ilibaki. Asubuhi ya Jumatano Sarmad alimshika bega.

"Ami, tunakwenda kusalimia tu. Kahawa ikija, unakunywa."

"Nitakunywa. Mimi mtoto?"

"Hatuposi leo."

"Nimesikia, mwanangu. Hatuposi. Nipishe, nina miadi kliniki saa nne, nikirudi tunaondoka."

Sarmad hakuuliza ya kliniki. Hapo ndipo alipokosea.

Nyumba ya Haji Nayif ilikuwa ya mawe ya manjano, ghorofa ya juu, jiko la gesi linawaka katikati ya sebule na paka kalala mbele yake. Haji alikuwa mnene, mfupi, na macho yake hayakutulia mahali pamoja. Kaka yake Ruba, Ghalib, alikaa karibu na buli la kahawa, mikono kifuani, kama mtu aliyepewa zamu ya ulinzi. Mlango wa kwenda jikoni ulikuwa wazi kidogo, upana wa kiganja.

"Karibuni, karibuni. Kaa hapa, bwana Jabbar. Wewe kijana kaa pale nikuone." Haji hakupoteza muda. "Niambie. Wewe ni mhasibu au si mhasibu?"

"Mosul ni mhasibu, Haji. Hapa mwanagenzi."

"Na ukirudi Mosul?"

"Nakuwa mhasibu tena."

"Ajabu hii. Mimi mbuzi wangu nikimvusha mpaka, anabaki mbuzi."

Ami Jabbar akacheka kuliko wote, akapiga goti. Ghalib hakucheka.

"Lakini nieleze vizuri," Haji akasogea mbele, na Sarmad akaona kwamba mzee huyu hana ubaya, ana hamu tu ya kujua, ileile ya binti yake. "Mbili na mbili kwenu si nne?"

"Nne, Haji. Kote nne. Kinachobadilika ni nani anazidai na kwa sheria gani. Nikitia sahihi kwamba hesabu za kampuni ni za kweli, kuna mtu ataweka akiba yake humo kwa kuniamini mimi. Nchi ina haki ya kuuliza huyu katoka wapi."

"Haikuumi?"

"Inaniuma sana. Miaka tisa ya kazi, halafu nikakaa darasani na watoto wanaoniita ami. Lakini wewe ukiletewa mganga wa mifugo kutoka mbali, utampa ng'ombe wako siku ya kwanza?"

"Wallahi simpi."

"Utafanyaje?"

"Nitampa mbuzi kwanza. Mgonjwa mgonjwa hivi."

"Basi mimi ndiye niliyepewa mbuzi mgonjwa, Haji. Kwa miaka miwili."

Haji akacheka mpaka akafuta macho. "Na binti yangu ndiye anayekutazama unavyomtibu."

"Ndiye."

"Ana kelele?"

"Hana. Anakaa kimya mpaka unaona mwenyewe ulipokosea."

Jikoni kijiko kikaanguka.

"Kwetu," Ghalib akasema, bila kumtazama mtu, "mwanamume akifundishwa na mwanamke miaka miwili, watu wanauliza anafundishwa nini."

"Waambie waje waulize ofisini," Sarmad akajibu. "Tunafundishana kodi. Wakikaa saa moja watalala."

"Ghalib, mimina kahawa," Haji akasema, "kabla hujasema lingine."

Ghalib akamimina, kahawa chungu ya iliki, kikombe cha kwanza kwa mgeni mkubwa. Ami Jabbar akakipokea kwa mkono wa kulia, akashukuru vizuri, akakinusa kwa huzuni. Halafu akakiweka mezani mbele yake.

Paka akainua kichwa.

Haji Nayif akatazama kikombe, akamtazama Sarmad, akatazama kikombe tena. Taratibu akanyoosha mgongo, akachukua kitambaa chake cha kichwa kilichokuwa begani, akakivaa sawasawa.

"Kunywa kahawa yako, bwana Jabbar."

"Tutakunywa, Haji," Ami Jabbar akasema kwa adabu zake zote. "Hatuna haraka."

Mposaji mwenye uzoefu asingesema vizuri zaidi. Jikoni mtu alivuta pumzi. Sarmad akamwinamia ami yake, meno yamebana.

"Ami, kunywa."

"Siwezi. Daktari."

"Daktari gani?"

"Wa asubuhi. Presha imepanda. Kanikataza kahawa, hata tone."

"Ami, nilikwambia unywe!"

"Uliniambia ninywe. Hukuniambia nife."

"Semeni haja yenu," Haji akasema, sauti imekuwa nyingine, nzito na safi. "Nyumba hii haijamrudisha mtu bila kumsikiliza."

Sarmad alikuwa na njia mbili, na zote aliziona hadi mwisho. Angeweza kusema samahani, ami yangu mgonjwa, hatukuja kuomba kitu. Wangecheka kwa taabu, kikombe kingeondolewa, na baada ya wiki tano angekuwa na leseni. Lakini kikombe kilichowekwa mbele ya baba na kaka, kisha mwenye haja akasema hana haja, huko ni kumkataa msichana ndani ya nyumba yake mwenyewe, huku anasikia. Na Ijumaa Mutasim angemkuta Haji amechoka kuaibika, tayari kumkubalia.

Aligeukia mlango wa jikoni. Ruba alikuwa amesimama pale, nusu ya uso wake tu inaonekana. Hakutikisa kichwa kukubali, wala kukataa. Alivua miwani.

Sarmad alilijua tendo lile. Ofisini aliivua kila alipotaka mwanagenzi atoe jibu lake mwenyewe, asije akalisoma usoni mwake.

"Haji," Sarmad akasema, "haja yetu ni Ruba."

Ghalib akaruka. "Nilijua! Mafunzo! Baba, nilikwambia au sikukwambia?"

"Kaa chini. Kijana, unajua Ijumaa mdogo wangu anakuja na Mutasim?"

"Najua."

"Unajua, na umemtangulia kwa siku mbili. Huo ni ujasiri au utovu wa adabu?"

"Wala si ujasiri, Haji. Nilikuja kunywa kahawa na kuondoka. Nilitaka kungoja wiki tano."

"Wiki tano za nini?"

Ndipo Sarmad akamweleza: kwamba sahihi ya msimamizi ni moja, inatiwa mwisho wa miaka miwili, na siku ya kuitia msimamizi anaapa kwamba mwanagenzi si ndugu wala mchumba wake. Haji alisikiliza kama anayesimuliwa desturi za watu wa mwezini.

"Kwa hiyo kahawa hii ikinywewa, kazi yako ya miaka miwili inaharibika."

"Ndiyo."

"Na ungekunywa tu kimya kimya, ungekuwa na leseni mwezi ujao."

"Ndiyo, Haji."

"Na umesema hivihivi?"

"Kilikuwa kimeshawekwa chini."

Haji akamgeukia Ami Jabbar, ambaye alikuwa anakitazama kikombe kama bomu. Ghalib, pamoja na hasira zake, alikuwa mtu wa biashara. Akili yake haikukaa bure.

"Jambo lenyewe dogo hili," akasema. "Baba akitaka kukubali, sijasema akubali, mnakunywa leo, hatutangazi. Dada anatia sahihi wiki tano zijazo. Halafu ndiyo vigelegele. Nani atajua?"

"Kijana ana akili huyu!" Ami Jabbar akasema.

Na Sarmad, aibu ilimjia baadaye, lakini pale moyo wake ulipanda. Alijiona na vyote viwili mkononi.

"Mimi nitajua."

Ruba alikuwa amesukuma mlango. Aliingia na aproni ya jikoni kiunoni, mikono imelowa, akasimama katikati ya wanaume.

"Ruba, rudi ndani," Ghalib akasema.

"Sirudi. Mnazungumza sahihi yangu. Miaka yote hii nawaambia watu madebe ya nyuma nayo yafunguliwe. Leo niandike uongo wangu wa kwanza, tena kwa jina la mume wangu?"

Neno lilitoka likakaa sebuleni. Mume wangu. Hakuna aliyelinyanyua. Ruba mwenyewe alilisikia, na wekundu ukampanda kutoka shingoni mpaka masikioni. Sarmad alitazama zulia, maana angemtazama yeye angefanya jambo la kijinga mbele ya baba mkwe.

Kisha akauliza swali moja tu. "Na miezi niliyokwisha kufanya, Bi Ruba? Si ilifanyika kweli, kabla ya leo?"

"Ilifanyika." Sauti kavu ilikuwa imerudi, ila safari hii ilimuuma mwenyewe. "Lakini nikijitoa, msimamizi mpya anaandika alichokiona kwa macho yake. Kwako hajaona kitu. Unaanza upya."

"Hata ghala la mafuta?"

"Hata ghala la mafuta."

Walitazamana. Haji Nayif akawatazama wote wawili, akikuna ndevu.

"Ghala gani hilo?" akauliza.

"Kazi tu, baba."

"Mh. Kazi." Akageuka. "Kijana, nikuambie ukweli. Wewe ni mgeni. Ukoo huna hapa. Nyumba umepanga. Ndugu zangu wataniuliza aliyemposa binti yako alikuja na wazee wangapi, nitawajibu nini?"

"Mmoja, Haji."

"Tena asiyekunywa kahawa."

"Ni presha, Haji," Ami Jabbar akanong'ona. "Leo asubuhi wamenikataza. Nilidhani nikikishika kidogo halafu nikiweke..."

Haji akatazama kikombe kilichojaa. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka bila sauti mpaka kitambaa kikamteleza kichwani.

"Presha! Kwa hiyo binti yangu ameposwa na presha!"

Hata Ghalib akageuza uso ukutani.

"Ruba," Haji akasema alipotulia, "naweza kumwambia huyu arudi baada ya wiki tano. Mdogo wangu nitamtafutia maneno. Kila mtu apate chake."

"Ningoje, baba, huku Mutasim anakuja Ijumaa, niseme sitaki na nisiseme kwa nini? Na siku ya kuapa niape kwamba hapakuwa na neno kati yetu, na kikombe nimekiona kwa macho yangu?" Akavuta pumzi. "Nimemkagua mwaka mzima na zaidi. Nimetafuta kosa mpaka nimechoka. Sitaki kungoja."

"Na wewe?" Haji akamwuliza Sarmad. "Mwanagenzi wa umri huu, miaka miwili tena. Hutakuja kumlaumu siku moja, chakula kikiwa na chumvi nyingi?"

Sarmad akafikiri. Hakutaka kujibu haraka swali zuri namna ile.

"Huenda siku moja nikakasirika, Haji. Lakini nitakumbuka kwamba kusema nilisema mimi. Yeye alivua miwani tu."

Haji hakuelewa lile la miwani. Ruba alielewa, na Haji aliona kwamba ameelewa, na hilo likamtosha.

"Kunywa kahawa yako, bwana Jabbar," akasema.

Sarmad akanyoosha mkono. "Nitakunywa mimi, Haji, kwa niaba yake."

"Haiwi. Anakunywa mkubwa wa watu. Mnataka ndugu zangu waseme kilinywewa na bwana harusi mwenyewe, kwa kiu?"

Ami Jabbar akatazama dari. Akasema bismillahi kama anayeruka mtoni, akakimaliza kikombe kwa mkupuo mmoja, kahawa imepoa, chungu, akakitikisa kuonyesha imemtosha, akakirudisha. Jikoni mama yake Ruba, aliyekuwa kimya muda wote ule, akapiga kigelegele kilichomtoa paka mbio.

Ruba aliwasindikiza mpaka ngazini. Ami Jabbar alitangulia kushuka, mkono ukutani, akilalamika kwamba moyo unamwenda kama injini ya basi. Walibaki wawili, vidato viwili kati yao.

"Kesho naiandikia kamati," Ruba akasema. "Kabla ya chai."

"Na mimi nikae wapi?"

"Popote, isipokuwa kwangu. Ofisini wewe si mtu wangu tena."

"Nimeposa saa moja, nimeshafukuzwa."

Alicheka, halafu kicheko kikamgeuka njiani, akafuta jicho kwa mkono uliolowa. Sarmad alishusha mguu kidato kimoja, akasimama hapohapo. Mlango wa Haji ulikuwa wazi.

"Yuko mzee mmoja Zarqa," Ruba akasema. "Fawaz. Huwa anapokea wageni."

"Mkali kama wewe?"

"Huyo ana kelele."

"Ruba."

"Nini?"

"Hakuna kitu. Nilitaka kulisema bila Bi."

Ruba akavaa miwani yake, akamtazama vizuri mpaka alipopotea kwenye kona ya ngazi.

Gharama yake ilikuwa hii. Miezi ishirini na tatu ya mafunzo ilifutwa yote. Mitihani miwili ilibaki. Leseni iliyokuwa wiki tano mbele ikawa miaka miwili mbele, Zarqa, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi, chini ya mzee anayefokea hata kalamu. Meza ya pili, Jabal al-Weibdeh, ikapewa kijana kutoka Irbid. Haji Nayif alipoteza salamu ya mdogo wake mpaka Ramadhani. Ami Jabbar alilala akiumwa kichwa siku mbili, na kliniki ikamwongezea kidonge. Na Ruba, kila alipokwenda kuhesabu maghala majira yale ya baridi, alinyanyua madebe ya nyuma mwenyewe, kwa mikono yake, na hapakuwa na mtu wa kusimama na moja akamwambia hili zito.